Leinasei Marango na Kifungu cha Saba

Ndugu wa Euta, wageni mliovuka maji tangu alfajiri, na ninyi waheshimiwa wa wizara mliokaa kwenye mikeka ya mbele, familia imetaka maisha ya Leinasei Marango yasomwe kama yalivyokuwa, bila kulainishwa, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kulainishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Euta, kisiwani Tongoa, enzi za bendera mbili, Waingereza na Wafaransa walipotutawala pamoja, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Marango na mama Leimara. Alisoma shule ya misheni hapa kisiwani hadi 1978, akaendelea na sekondari kule kisiwani Efate, kisha akapelekwa ng’ambo, Suva, alikohitimu masomo ya kompyuta mwaka 1988, wakati Euta nzima ikiwa na redio moja ya mawasiliano, nayo iliugua kuliko wagonjwa tuliowaombea boti.

Alianza kazi Februari 1989 katika ofisi ya simu mjini Port Vila. Juni 1993 mama Leimara alishikwa na homa, redio ikawa bubu, na boti ilipofika ilitukuta tunachimba kaburi. Leinasei hakulia mbele ya watu, ila tangu siku hiyo kila mkubwa aliyesema visiwa vya nje vingoje zamu yao alikuwa amejitafutia adui.

Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Solomon Vira wa kisiwa cha Pentekoste, ambaye ukoo wake ulileta mikeka myekundu ya mahari hadi ukumbi ukajaa na bado mashangazi zetu wakanuna, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kalsau, Lolowia na Roselyn.

Mwaka 2010 alikabidhiwa kuandika sera ya taifa ya teknolojia ya habari, akatia humo kifungu cha saba, kwamba mji hautaongezewa mnara wa simu hata mmoja kabla kila kisiwa chenye watu hakijapata wa kwake. Wenzake walimcheka, “Dada Lei, kwenu hata duka la mkate hakuna, mnara wa nini?” naye akawajibu, “Wa kuagizia mkate.”

Mshauri kutoka ng’ambo alikifuta kifungu hicho, akisema visiwa havina faida, na tarehe 20 Agosti 2012 ikapangwa kuwa siku ya kuitia sera saini. Leinasei alimwendea mjomba wake, Chifu Kalmet, aliyekuwa mjini wiki ile, na asubuhi ya siku hiyo mzee akapishanisha majani mawili ya mti wa namele mlangoni pa ukumbi, katazo ambalo kwetu halivuki mtu. Mshauri, maskini, aliyaona yanapendeza, akayaokota na kuyatia kwenye chombo cha maua mezani!

Hakuna aliyeingia tena, hata waziri, mtoto wa chifu, alibaki nje juani na kalamu yake, akaagiza atafutwe nguruwe wa meno ya kupinda, faini kubwa ya mila zetu, ili mzee apozwe. Chifu Kalmet akamtazama nguruwe, akasema, “Mwanangu, nguruwe ninao. Nirudishieni kifungu.” Kikarudishwa siku ileile.

Kwa ushindi huo Leinasei alihamishiwa stoo ya karatasi, akakaa huko miaka miwili, akipiga mluzi, nasi tunalisema hili wazi kwa sababu tuliumia na hatujasahau. Mnara wa Euta uliwashwa Mei 2014.

Januari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Vila, kisha akaomba kurudi nyumbani, na tarehe 2 Juni 2024, saa kumi jioni, alifariki simu ikiwa mkononi, akimgombeza Kalsau aliyeko kisiwani Santo kwa kuchelewa kumpigia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia laplap, mkate wetu wa viazi vikuu na tui, siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, hata wale waliomcheka. Waheshimiwa, asanteni kwa shada. Tumesikia kwamba mwezi ujao sera inapitiwa upya na kifungu cha saba kimewekewa alama ya kufutwa. Mlidhani mwenyewe amekufa. Tazameni huku nyuma, wote hawa wamekuja kumzika, na hakuna anayekubali kuzika na kifungu chake.

Leinasei, umechoka, lala kwa amani. Ugomvi tumeupokea.