Nilipumua kwa Kuambiwa

Nawasalimu nyote kwa jina la Yule aliyekubali nisimame hapa mchana huu nikipumua bila kuambiwa na mtu. Mtaelewa kwa nini naanza na pumzi. Sitataja jina la yeyote, vile tulikubaliana kwa hiki kikundi chetu cha kuacha dawa na pombe.

Siku hizi naishi hapa mtaa wa Free Area, natengeneza vitanda na makabati, lakini maisha yangu yalikuwa Elburgon, kwa kiwanda cha mbao. Kazi ya msumeno ni ya watu wawili. Mmoja anasukuma gogo, mwingine anapokea mbao upande ule mwingine. Mimi nilikuwa wa kusukuma. Wa kupokea alikuwa mzee mmoja ambaye kelele za mashine zilimmaliza masikio zamani. Ukimuuliza habari ya asubuhi anakujibu ya watoto. Lakini alikuwa anaweka kiganja juu ya meza ya chuma anakwambia kama msumeno uko sawa, na sikuwahi kuona amekosea.

Siku moja gogo liliniangukia kiuno. Hospitali walinipa dawa ya maumivu, zile kali, na zilinisaidia, siwezi kudanganya. Makosa yalianza zilipoisha, nikapata kemisti wa kuniuzia bila karatasi ya daktari. Moja ikakosa nguvu, nikameza mbili. Mbili mwili ukazizoea, nikafika nne. Jioni naongeza chang'aa juu yake, kwa sababu hivyo viwili vikikutana kiuno kinanyamaza kabisa. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa najisifu. Nameza nne, nakunywa vikombe vitatu, na natembea mpaka nyumbani nikisalimia watu kwa majina. Mke wangu alilia, nikamwambia aangalie vile niko sawa.

Halafu baba yangu akafariki. Nikaenda nyumbani upande wa Vihiga, na dawa zikabaki Elburgon. Wiki ya kwanza nilitetemeka, nikaharisha, nikatoa jasho mpaka shuka ikalowa. Mama akasema ni malaria, na mimi nikasema ndiyo, ni malaria. Mnacheka, lakini kuna mtu hapa amewahi kuugua malaria kama hiyo. Ikapita. Pombe pia sikugusa, kwa maana kwa boma la mama yangu hata harufu yake haiingii. Nilikaa huko wiki sita.

Niliporudi, kiuno kilikuwa kinalalamika kwa sababu ya safari. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa saba mchana mashine zilizimwa, wenzangu wakanikaribisha chang'aa pale uwanja wa kiwanda, kwa sababu mtu akitoka kuzika hatuwezi kumwacha akae peke yake. Nikaenda nyuma ya rundo la mbao, nikameza nne zangu za kawaida. Vikombe nilikunywa viwili tu. Nikajiambia nimepunguza.

Sasa nisikilizeni. Kwetu msumeno ukikaa wiki kadhaa bila kazi, hakuna mtu anaupa gogo kubwa siku ya kwanza. Unauwasha mtupu, unausikiliza, unaupa gogo dogo la saiprasi uone. Hata aliyeandikwa kazi jana anajua. Mimi nilijua hayo kwa msumeno miaka kumi na moja, na sikuwaza hata dakika moja kwamba mwili wangu pia ulikuwa umelala wiki sita.

Nikaegemea mbao, joto likanijia. Watu wanadhani inauma. Haikuuma. Niliwasikia wenzangu wakiongea karibu kabisa, halafu kana kwamba wako ng'ambo ya msitu. Nikasikia mtu akikoroma, nikamhurumia, nikajiuliza ni nani. Alikuwa ni mimi. Kisha ule mkoromo ukakatika, pakawa na kimya kizuri sana, na ndani ya kile kimya sikuwa na haja ya kupumua. Si kwamba nilishindwa. Sikuona kazi yake. Hiyo ndiyo inanitisha mpaka leo.

Wenzangu walikuwa wamesikia nikikoroma, wakacheka. "Safari imemchosha," mmoja akasema, "mwacheni alale." Kila mwenye masikio alisikia usingizi. Mzee hakusikia kitu. Alikuja kunifunika na koti lake, akaweka kiganja kifuani mwangu vile huwa anaweka kwa meza ya msumeno. Wanasema alikaa hivyo kidogo, halafu akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu amezima."

Akanipiga kofi. "Pumua." Nikavuta pumzi moja ndefu, nikatulia tena, midomo imekuwa rangi ya jivu. "Pumua." Nikavuta nyingine. Asiponiambia, hakuna. Wakanipakia kwa pikapu ya mbao, mzee akanilaza ubavu, mkono kifuani, na njia yote akawa ananiamrisha pumzi moja moja. Mimi nakumbuka hilo neno likija kutoka juu, na nikikasirika kama mtu anayeamshwa bure. Karibu na lango la hospitali hata amri ilikataa, akanibana pua akanipulizia mdomoni. Dereva aliniambia baadaye kwamba kunyamaza kwangu hakukumwogopesha sana. Kilichomwogopesha ni vile nilivyokuwa mtiifu.

Walinidunga sindano ya kupinga zile dawa, nikaamka nikitapika, na nikataka kwenda nyumbani. Daktari, binti mdogo tu, akanizuia. "Baba, hii sindano itaisha nguvu kabla ya dawa uliyomeza. Utalala njiani na hutaamka." Na kweli, kabla ya jua kutua pumzi ilinipotea tena, wakanidunga ya pili. Akanieleza kwamba hizo dawa ni jamii moja na afyuni, zinauambia ubongo upunguze kupumua, na pombe inauambia hivyo hivyo. Mwili ukizoea unavumilia, ukiachishwa unasahau upesi. "Kipimo chako cha zamani," akasema, "ni cha mtu ambaye hayuko tena. Na hata yeye, na pombe juu, angekufa siku yoyote."

Namshukuru huyo binti. Nawashukuru wa kliniki walionitoa kwa hizo dawa polepole, na nyinyi mlionipokea hata nilipoteleza. Namshukuru mke wangu, ambaye bado analala mkono wake ukiwa mgongoni mwangu. Ninalowaomba ni dogo. Mwambie daktari ukweli wa unachomeza na unachokunywa. Ukiwa umeacha, hata wiki chache, usirudie kipimo chako. Na mkisikia mtu anakoroma hivyo baada ya pombe na dawa, msicheke. Mwamsheni, na asipoamka mkimbizeni hospitali.

Mzee yuko hapa, amekaa nyuma, na hajasikia hata neno moja la haya. Nikimaliza nitamwendea. Ataweka kiganja kifuani mwangu, vile anafanya kila tukikutana, na ataniambia nipumue. Wacha niende, ananingoja.