Macho ya Roswitha Tetzlaff na Koti la Kaburi la Tatu

Wapendwa mliokuja kumsindikiza mama yetu, mimi Joachim, mwanawe wa pekee, nimepewa na ukoo jukumu la kuwasomea maisha yake.

Roswitha Tetzlaff alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Guben, akasoma hapo hapo hadi 1952, akajifunza ushonaji, na mwaka 1961 akaajiriwa na makumbusho ya mji kutunza makoti ya zamani ya askari wa Kijerumani. Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na baba yangu, Dietmar, aliyetangulia mwaka 2003.

Mwaka 1994 mchungaji mmoja alileta koti lililokutwa darini kanisani, lililovuliwa askari kabla ya kuzikwa makaburini pa kanisa hilo, likiwa na karatasi: "Kaburi la tatu, askari asiye na jina, Aprili 1945." Nilimwona mama akigeuza bitana, akasoma mhuri wa ghala la Erfurt wa mwaka 1942 na namba tano za vipimo, akapapasa mifuko isiyo na marinda, kisha akakomea kwenye mkono wa kushoto wa koti, uliofupishwa nyumbani kwa uzi wa kahawia. Aliandika gazetini akiwaita waliowahi kurekebisha koti la askari wao, bila kutaja alichokiona.

Walikuja wanawake kumi na mmoja. Wa mwisho, Bibi Hedwig Lüdecke, mwenye miaka themanini, alikuwa amesimangwa nusu karne kwamba mumewe Konrad, askari ambaye hakurudi kutoka vitani, alikimbilia kwa mwanamke mwingine.

"Kabla sijakuonyesha, bibi, niambie ulifanya nini," mama alisema.

"Mkono wa kushoto, niliufupisha kwa upana wa vidole viwili. Uzi wa kijivu uliniishia, nikatia wa kahawia, naye akanicheka."

Mama alifunua koti. Bibi Hedwig aliushika ule mshono, akasema, "Konrad, kumbe ulikuwa hapa karibu!" Sote tuliokuwemo tulisimama, wala hakuna aliyetuambia tusimame. Mwaka huo kaburi la tatu likaandikwa jina.

Mwaka 2016 mama alipofuka. Wiki yake ya mwisho, alishika vazi la muuguzi akasema, "Hii ni kazi ya mashine, lakini kifungo hiki umekishona mwenyewe, tena kwa haraka." Muuguzi akacheka, "Bibi wewe, nilikuwa nachelewa zamu!" Mama alifariki tarehe 9 Februari 2019.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu kila siku, na wenzake wa makumbusho.

Mama, umetazama vya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani.