Shangazi wa Jeli Inayojiendea

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya polima, fundi wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Shangazi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kazi akiwa muosha vyombo. Watafiti walipokuja na ndoto ya kutengeneza jeli inayojongea yenyewe kama msuli, bila waya wala betri, yeye ndiye aliyeipika na kuipika tena mpaka ikakubali. Leo kipande kisichozidi punje ya mchele hulala kwenye kimiminika chake, kikavimba, kikasinyaa, kikajikokota kama kiwavi, huku kemikali zikigeuka rangi kutoka chungwa kwenda kijani na kurudi. Shangazi hukibembeleza kweli kweli. Mumewe, seremala, analalamika kwamba tangu waoane hajawahi kusemeshwa kwa upole huo.

Ni mkali, tusidanganyane. Jasho la kidole lina chumvi, na chumvi huizima jeli, kwa hiyo asiyevaa glavu hutolewa nje hata akiwa mgeni wa heshima. Mhadhiri mmoja alitimuliwa mara mbili asubuhi moja.

Miaka tisa iliyopita walikuja wakaguzi kuamua kama mradi wetu uendelee au ufungwe. Jeli ikagoma. Dakika arobaini nzima haikutikisika. Shangazi akavitazama vyombo, akalitazama sinki, akaelewa: kuna mtu aliyevisuuza kwa maji ya bomba, ambayo nayo yana chumvichumvi. Mbele ya wakaguzi akasema vyombo ni vyake na kosa ni lake. Akaomba saa tatu, akaosha kila kitu upya, na alasiri jeli ikacheza. Mradi ukapona. Yeye akaandikiwa barua ya onyo, na cheo alichokuwa akikisubiri kikaenda kwa mwingine.

Aliyesuuza vile vyombo ni mimi ninayeandika haya. Nilikuwa na wiki tatu kazini, bado niko kwenye majaribio, na unga wangu ungemwagika siku hiyohiyo. Shangazi alijua. Kesho yake alinifundisha kuosha vyombo, hatua kwa hatua, wala hakuligusia tena. Nami nikaufyata miaka yote tisa, na aibu hiyo ninayo.

Juzi nilimwomba mkurugenzi alitoe lile onyo kwenye faili lake aliweke kwenye langu. Amekubali.

Asante, Shangazi. Sote hapa tunakuombea afya, furaha na siku nyingi za kupumzika. Nenda na faili safi.