Papa Cyprien Sikuli, Fundi wa Pijama za Jukwaani

Tarehe 30 Juni 1957, Papa Cyprien Sikuli anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwavisha waigizaji wa parokia yetu hapa Goma. Mniwie radhi kalamu ikikimbia. Furaha ya leo imeuzidi ustadi wangu.

Alitoka Butembo akiwa mshonaji wa kanzu za watumishi wa misa. Baadaye alishona mbawa za malaika na majoho ya Herode. Lakini sifa yake kubwa, niruhusuni niseme wazi, ni nguo za kulalia.

Mwaka 1951 tuliandaa komedia ya karani anayekurupuka kitandani akidhani ameingiliwa na wezi. Papa Cyprien alimshonea pijama ya mistari, yenye kola na vifungo vya kung'aa. Evariste, aliyeigiza karani, alipotokea nayo, ukumbi ulinyamaza kwa heshima. Sisi tunaolala na blanketi tuliona bwana anayekwenda harusini! Sauti ikatoka nyuma: "Papa Cyprien, na miye unishonee kostimi kama ile, niivae ku ndoa ya mutoto!" Hakucheka mtu.

Padri msimamizi alisema kwa upole kwamba, tukishindwa kuwachekesha watu wa Rutshuru tutakapowachezea Jumapili iliyofuata, komedia zitakoma, tubaki na michezo ya Kwaresima.

Papa Cyprien hakuigusa ile pijama. Aliomba tu ivaliwe na mke wa karani, aliyeigizwa na Donat. Naye karani, Papa Cyprien alimshonea gauni la kulalia la kitambaa cha kikwembe chenye maua, fupi, lenye marinda shingoni, kana kwamba wanandoa hao wamechanganya nguo gizani. Lo! Evariste alipochungulia mlangoni akilivuta gauni lifunike magoti, mama mmoja alipaza sauti: "Karani, rudisha nguo ya bibi yako!" Donat akaingia akijikwaa katika suruali, na benchi zima likaanguka pamoja na waliolikalia. Marehemu mke wangu alicheka hadi akanishika mkono mbele za watu. Padri alikuwa akifuta miwani.

Tangu siku ile hatujakosa komedia hata mwaka mmoja, na cherehani sasa anaipokea Mama Émérance, aliyefundishwa naye.

Asante, Papa Cyprien. Utusamehe kwa mara zote tulizokuamsha siku ya maonyesho kabla ya jogoo. Sasa ulale hadi jua lipande. Hakuna atakayegonga mlango kuomba vazi. Mungu akujalie, wewe na mkeo Mama Wivine, miaka mingi ya afya na nyumba yenye kicheko.