Mama Subiri na Barua za Droo

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, kisha akasomea ushonaji chuoni kwa miaka miwili.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, na mwaka 1999 akawa msimamizi wa mafundi ishirini na wawili. Huko alikuta mtindo ambao mpaka leo unanitia kichefuchefu: barua za onyo zilichapwa mapema, zikarundikwa kwenye droo, zimeachiwa nafasi ya jina tu. Fundi akionekana mzembe, anajaziwa. Dada hakuzigusa. Alivuta kigoda, akakaa na fundi siku tatu akimwangalia mikono. Ofisi ikidai barua, alijibu, "Subiri kwanza, bado naongea naye." Ndipo wakamwita Mama Subiri.

Kuna binti aliyekuwa akiharibu kola kila siku. Dada alimwuliza, "Mwanangu, nyumbani kitunguu unakata kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, mama. Ila hapa tuliambiwa mkasi tushike kulia."

Dada alimtafutia mkasi wa kushoto. Leo binti huyo ndiye anayewafundisha wageni kukata kola.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 na shemeji yetu seremala, ambaye hulalamika kwamba hata yeye akichelewesha kabati la mteja alivutiwa kigoda.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Miguu ilivimba, kasi ikapungua. Meneja mpya hakumwuliza hata hali. Tarehe 3 Juni 2024 alimtumia barua ya kwenye droo, jina likiwa limejazwa kwa kalamu. Miaka arobaini ya kazi, na hilo likawa onyo lake la kwanza. Dada aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Hata kuniita hakuniita." Ninayo mfukoni, na kuishika tu naona kinyaa.

Alifariki dunia hospitalini tarehe 19 Agosti 2024, saa nane mchana.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, sisi wadogo zake, na mafundi kumi na mmoja ambao wangali na kazi kwa sababu alikaa nao.

Jana meneja alileta shada nyumbani, akaomba kusema machache leo. Nilimwuliza dada alikuwa anaumwa nini. Hakujua. Basi hatasema.

Lala salama, dada. Mungu akupe pumziko la amani.