Miguu ya Manjano ya Kuku wa Emérence

Benchi la Edmond liko Bulengera, mjini Butembo, mbele ya karakana ya pikipiki, na sheria yake ni moja: mwenye hoja hapati kahawa ya pili mpaka mwenzake ampinge. Tangu wenye bunduki wafunge barabara ya Beni, miezi minne sasa, pikipiki za kutengeneza zimekwisha, ila hoja ndiyo kwanza zinaiva. Asubuhi hiyo Siméon, ambaye mtaa mzima humwita Papa Kuku, alikuja amekumbatia mtetea mwekundu, akaketi, akamgeuza miguu juu wote waione. Ilikuwa imepauka kama ugali. Kwa miaka minane yeye na mkewe Emérence walikuwa wakichagua vifaranga: wa miguu myeupe chunguni, wa miguu ya manjano wabaki, hadi watu wakaja kutoka mbali kuomba jogoo wa kupelekea wakwe. Sasa Emérence yuko Beni. Alikwenda kumhudumia dada yake aliyejifungua, barabara ikafungwa nyuma yake, na kuku wakaanza kupoteza rangi mmoja mmoja. Siméon hakutaka arudi awakute hivyo. Hilo ndilo aliloweza kulisema kwa sauti.

— Ni jogoo, alisema Mathe, fundi wa pikipiki ambaye pale benchi wanamwita Bougie. Ile jogoo ya jirani inarukaka kwa kuku zako mu lupango yako.

— Bougie, batoto yake, sawa, banaweza kutoka na miguu mweupe. Mais huyu ni mama mwenyewe! Jogoo itabadilisha mutu muzima miguu?

— Kwani bibi yako hakukubadilisha weye? Mbele ya kuoa ulikuwa unalewa kasiksi kutwa nzima.

Wakacheka, hata Siméon. Urbain hakucheka. Huyu ni mwalimu aliyeletwa na serikali kutoka Kasai, kisha serikali ikamsahau pamoja na mshahara wake, na pale benchi wanamwita Encyclopédie kwa sababu hajawahi kusema neno «sijui».

— Attention. Ni climat. Butembo iko na baridi, ukungu kila siku. Beni kuko joto. Jua njo inapakaka rangi. Donc hii kuku inalilia jua ya Beni.

— Ilizaliwa hapa, Encyclopédie! Hata siku moja haijaona Beni.

— Justement. Imesikia habari yake.

— Mi minasema ni woga, Bougie akaingilia. Bunduki zinalia kila siku. Moyo ikiogopa, damu inakimbia miguu.

— Damu iko ya manjano? aliuliza Siméon.

— Ya kuku, nani alipima?

Edmond, mwenye birika, alikohoa. Akikohoa, methali iko njiani.

— Bazee balisema, kuku mugeni hakosi kamba muguuni. Kamba njo ilifuta rangi.

— Edmond, hii kuku hapana mugeni. Na haijafungwa kamba hata mara moja.

— Basi shida ni kubwa kuliko vile nilifikiri.

Urbain alikuwa ameshaandaa ya mwisho. Akasimama.

— Ile avion inapitaka juu yetu kila asubuhi, munajua inafanya nini? Inapiga picha. Picha ya rangi! Rangi ya kuweka mu ile picha bataitoa wapi, kama hapana huku chini?

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Bougie alibaki na kikombe hewani. Edmond akamjazia mwalimu kahawa hata bila kungoja apingwe, na katika kumimina, bila ubaya wowote, akasema:

— Nyanya yangu alisemaka, mama wa nyumba akipatwa na neno, kuku zake zinajua mbele ya batu.

Siméon alipitisha kiganja kwenye mgongo wa mtetea, polepole. Ndilo wazo lililokuwa likimwamsha kila alfajiri. Miezi minne watu walipita kwa miguu wakielekea Beni, naye hakumpa hata mmoja barua, maana barua isiyotumwa haiwezi kukosa jibu.

— Ni maneno ya bazee tu, Papa Siméon, alisema Edmond kwa aibu.

— Minajua.

Hapo akafika mwanamke, kikapu mgongoni, ukanda wake ukipita kwenye paji la uso. Akatua mzigo wa mawese, akaomba kahawa, akasema anaitwa Séphora na ametoka Beni kwa njia za mashambani, siku tatu. Bougie na Urbain walimvamia kwa maswali: askari wako wapi, chumvi inauzwaje. Siméon hakuuliza lolote. Séphora akamtazama kuku.

— Mbona miguu yake iko vile?

Wakamweleza wote kwa pamoja: jogoo, jua, woga, kamba, picha. Alisikiliza hadi mwisho huku akipuliza kahawa yake.

— Baba, rangi ya kuku inaingiaka kwa kinywa. Mbele ilikuwa inakula nini?

— Mahindi, alijibu Siméon.

— Ya manjano ao ya mweupe?

— Mahindi tu...

— Na majani? Lenga-lenga? Makapi ya ngazi, ile ya mawese? Bibi yako alikuwa anazitupia nini?

Bougie alimtazama Urbain, Urbain akamtazama Edmond. Hata Encyclopédie aliinamia kikombe. Siméon alimwona Emérence akitoka jikoni na bakuli la bati, kuku wakimkimbilia. Aliuona mgongo wake, akaisikia sauti yake ikiwaita. Ndani ya bakuli hakuona kitu. Miaka minane alijisifia mbegu, na hakuwahi kusogea hatua tatu kuchungulia. Machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyafuta.

— Sijui. Miaka makumi mbili niko naye, na sijui.

— Basi umuulize. Iko wapi?

— Beni. Mulekera, kwa dada yake Adèle, pembeni ya soko.

— Siku ya ine ya juma hii minarudia kule.

Siméon akamkumbatia tena mtetea.

— Umuambie Siméon anauliza: kuku zake alikuwa anazipatiaka nini.

— Ni hiyo tu?

— Ni hiyo tu. Na akinitukana ju sikujua, mama, uniletee ile matusi yote. Usipunguze hata neno moja.