Mpira wa Bomba la Pamba

Tangu gari letu litoke Mhunze, mzee Maduhu alikuwa akijisifu kwamba mpira unaopeleka maji kwenye injini ni wake, wa bomba la kupulizia pamba, na kwamba spea hakuna nchi nzima. Karibu na Shinyanga gari likaanza kunuka mpira unaoungua. Mama Zuwena wa Ngokolo akamgeukia. "Mbona dereva kaupitisha juu ya ekzosi?"

"Ni mrefu mno, mayu, mama yangu. Ilibidi auzungushe."

"Si angeukata!"

"Aukate? Nimemwazima tu! Kesho unarudi shambani, wadudu wanamaliza pamba yangu."

Mimi nyuma yao nilifungua dirisha.

"Kaka yangu anazikwa alasiri," akafoka Mama Zuwena. "Sisi Waislamu maiti hatuiweki. Nisipouona uso wake leo, nitauona lini?"

"Na wanangu wale nini?" Maduhu naye akapaza sauti.

Mvuke ukafunika kioo cha mbele, gari likasimama. Dereva akafungua boneti, akaomba maji. Dumu lilikuwa moja tu, la Mama Zuwena. Akashuka nalo, akalitazama jua, adhuhuri imeingia, akachuchumaa kando ya barabara, akaanza kutawadha. Dereva alimsubiri, kifuniko cha rejeta mkononi, mpaka tone la mwisho.